Mlionana Lini Mara ya Kwanza?

Fundi aliitwa saa nne kasoro dakika tano, na ilipofika saa tano kasoro robo alikuwa bado hajatoka.

Mkewe alikaa nje ya chumba namba sita, kwenye benchi la chuma lililokuwa la baridi kama barafu, mikono mapajani, macho mlangoni. Kila dakika iliyopita ilimwongezea hofu, maana alimjua mumewe. Mtaa mzima ulimjua. Mteja akiingia karakanani na kuuliza, "Fundi, soli hii itapona?" hujibiwa, "Itapona." Akiuliza lini, hujibiwa, "Alhamisi." Basi, mazungumzo yamekwisha. Siku ya harusi yao, alipoombwa aseme neno, alisimama, akawatazama wageni mmoja mmoja mpaka wakaanza kukohoa, akasema, "Asanteni," akaketi. Watu walipiga makofi kwa huruma.

Sasa mtu wa namna hiyo anasema nini kwa dakika hamsini?

"Dada, hamna haja ya kuutazama mlango hivyo," alisema mlinzi aliyekuwa kwenye kiti cha pembeni. "Haufunguki kwa macho."

"Huwa wanakaa muda mrefu hivi?"

"Wengine dakika kumi, wanatoka wanacheka. Wengine..." Mlinzi alimwangalia usoni, akaona heri asimalizie. "Inategemea."

Mke huyo wa Fundi aliitwa Sista. Wodini aliitwa hivyo kwa kuwa alikuwa muuguzi, na nyumbani aliitwa hivyo kwa kuwa ndilo jina aliloingia nalo karakanani, na mumewe hakuona sababu ya kulibadilisha. Alikuwa mgeni katika nchi hii. Alikuja miaka sita iliyopita kwa mkataba wa hospitali, na mkataba huo ulikuwa umebakiza siku ishirini na sita. Zikiisha, bila kibali cha ukaazi wa kudumu, ingempasa kufunga masanduku na kurudi alikotoka. Na Fundi asingeweza kumfuata. Karakana ile ilikuwa ya baba yake, na kabla ya hapo ya babu yake, na humo ndani mlikuwa na kalibu za mbao, zilizochongwa kwa vipimo vya miguu ya watu waliokwisha kufa zamani. Mama yake mzazi, mjane, aliishi mtaa wa pili na hakuwa na mwana mwingine.

Kwa wiki mbili Sista alikuwa akimfundisha mumewe kama mtoto anayengoja mtihani.

"Mswaki wangu rangi gani?"

"Kijani."

"Zambarau, Fundi! Zambarau! Unauona kila siku asubuhi."

"Namwona mwenye mswaki," alisema yeye, akarudi kwenye kiatu chake.

Jibu tamu. Lakini Idara ya Uhamiaji haitoi kibali kwa majibu matamu.

Mlango ulifunguka. Fundi alitoka akiwa amelowa jasho kwapani, ukosi wa shati umepinda. Afisa alikuwa nyuma yake, mwanamke mrefu wa makamo, miwani ikining'inia kifuani kwa mnyororo.

"Msizungumze, tafadhali," alisema afisa. "Bwana, utangoja chumba cha mwisho kule. Wewe mama, karibu."

Walipishana mlangoni, bega kwa bega. Sista aliinua macho amsome mumewe, kama alivyozoea kumsoma kila jioni. Alichokiona kilimkata maini. Yalikuwa macho ya mtu aliyevunja kitu cha thamani ndani ya nyumba na hajui atamwambiaje mwenyewe.

*

Alikula kiapo, akaketi. Chumba kilikuwa kidogo: meza, viti vinne, kabati la mafaili, dirisha linalotazama ukuta wa jengo la jirani. Afisa alivaa miwani yake, akafungua faili.

"Mumeo analala upande gani?"

"Wa ukutani."

"Anakoroma?"

"Hapana. Anasaga meno."

"Akikasirika anafanyaje?"

"Anang'arisha viatu. Akikasirika sana anang'arisha hata vya jirani."

Pembe ya mdomo wa afisa ilicheza kidogo. Aliandika. Akauliza walikula nini jana, nani anaamka wa kwanza, kovu la mumewe liko wapi na alilipataje. Sista alijibu bila kusita, akaanza kuhisi kifua kinafunguka. Kumbe si vigumu.

"Mlionana lini mara ya kwanza?"

Hilo alilijua kuliko yote. Alitabasamu kabla hajajibu. "Tarehe kumi na tano mwezi wa nne, miaka minne iliyopita. Ilikuwa Jumatatu. Nilipeleka viatu vyangu vyeupe vya kazi karakanani kwake. Kisigino cha kushoto kilikuwa kimelika."

Afisa hakuandika.

"Una uhakika?"

"Nina uhakika."

"Hamkuwahi kuonana kabla ya hapo? Popote?"

"Hapana, mama. Popote."

Afisa alivua miwani, akaiacha ianguke kifuani. "Mumeo amesema tarehe tisa mwezi wa kwanza. Miezi mitatu kabla. Na hakusema karakanani."

Sista alisogea mbele ya kiti. "Labda amechanganya. Ana wasiwasi. Yeye si mtu wa maneno..."

"Kwa maneno hakupungukiwa," alisema afisa. "Nimejaza kurasa nne. Lakini siku ya kwanza kuonana watu hawaichanganyi. Watu waliooana kweli wanaweza kusahau mengine yote, hiyo hawaisahau. Unaona ninapopata shida?"

"Alisema wapi?"

"Sitakuambia sasa." Afisa alitoa karatasi chini ya faili, karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. "Kuna jambo jingine. Barua hii ililetwa ofisini wiki tatu zilizopita. Nisikilize. 'Mwanangu hajui kusema hapana. Alifiwa na baba yake, akabaki amepooza roho, na huyu mwanamke akamkuta katika hali hiyo. Alikuja na viatu, akaondoka na mwanangu. Anachokitaka ni karatasi. Akiipata ataruka, na mimi ndiye nitakayeokota vipande.'"

Sista hakuhitaji kuuliza nani ameandika. Kwa miaka miwili ya ndoa alikuwa amepeleka chakula katika nyumba ile kila Jumapili, na kila Jumapili alipokewa bakuli mlangoni. "Asante, binti. Weka hapo." Hakuna siku aliyoambiwa kaa.

"Nilimwita mwandishi wa barua aje leo," alisema afisa. "Yupo. Nadhani tukae wote."

*

Mama mkwe aliingia akiwa amevaa kama mtu anayekwenda msibani, mkoba mikononi kama ngao. Hakumtazama mkwewe. Fundi aliingia nyuma yake, na alipomwona mama yake pale alisimama ghafla.

"Mama? Umekuja kufanya nini?"

"Nimeitwa," alisema mama. "Serikali ikiita unakwenda."

"Kaa, bwana," alisema afisa. "Umeapa asubuhi, na kiapo chako bado kipo. Uliniambia tarehe tisa mwezi wa kwanza. Mkeo anasema mwezi wa nne. Nirudie swali lako: mlionana wapi?"

Fundi alikaa. Alitazama mikono yake, ile mikono mipana yenye gundi kwenye kucha ambayo haitoki hata kwa mafuta ya taa. Kisha akamtazama mama yake badala ya afisa.

"Hospitalini," alisema. "Wodi ya mapafu. Siku aliyokufa baba."

Aligeuza kiti chake kumwelekea mama yake.

"Mama, wewe ulikuwa mgonjwa siku ile. Hawakukuruhusu. Waliruhusu mtu mmoja. Nilikuambia nini niliporudi nyumbani?"

"Uliniambia ulimshika mkono mpaka mwisho," alisema mama, sauti yake nyembamba. "Ndilo neno lililonishikilia miaka minne yote."

"Sikumshika."

Mama aliukaza mkoba mikononi.

"Kulikuwa na kioo," alisema Fundi. "Nje ya kioo walining'iniza gauni la kuvaa, na barakoa, na glavu. Wakaniambia, ukiwa tayari ingia. Nikalishika lile gauni. Nikalishika saa nzima. Baba alikuwa anapigania pumzi, kifua kinapanda kinashuka, nami nikawa natazama. Miguu ilikataa. Niliogopa, mama. Nilimwogopa baba yangu mwenyewe." Alipumua. "Akaingia muuguzi. Sikumwona sura, alikuwa amefunikwa kila mahali. Akavuta kiti, akakaa, akamshika mkono. Akamwinamia sikioni akawa anasema naye. Alikaa hivyo mpaka baba alipotulia. Kisha akafungua kabati la pembeni, akatoa soksi, akamvalisha. Taratibu, kama unavyomvalisha mtoto aliyelala. Kwanza mguu wa kulia, halafu wa kushoto."

"Soksi gani?" Mama aliuliza upesi sana, kama mtu aliyechomwa sindano.

"Zile za kahawia. Ulizomfumia."

Mkoba ulianguka sakafuni. Mama mkwe hakuuokota. "Zile soksi," alisema. "Waliponiletea mfuko wa vitu vyake, saa ilikuwemo, miwani ilikuwemo, soksi hazimo. Nikasema wauguzi wameiba. Mtu gani anaiba soksi ya maiti? Miaka minne nimewalaani. Kila nikiona sare nyeupe nawalaani." Alitazama juu. "Kumbe alizivaa?"

"Alizikwa nazo, mama. Miguu yake ilikuwa haipati joto, unajua."

"Najua!" alisema mama, na machozi yakaruka pamoja na neno. "Mimi ndiye niliyelala nayo miaka thelathini na nane!"

Maneno yalimfikia Sista moja moja, kama matone, na kila moja lilimkuta hajajiandaa. Alikuwa amelala kando ya mtu huyu usiku mia saba na zaidi. Alidhani anamjua kama chumba chao. Sasa ilikuwa kama amesukuma kabati kuukuu na nyuma yake akakuta mlango, na nyuma ya mlango nyumba nyingine nzima yenye taa zinazowaka.

"Bwana," alisema afisa kwa sauti ya chini, "unasema hukumwona sura. Ulijuaje ni yeye?"

"Viatu," alisema Fundi.

"Viatu?"

"Sikuweza kutazama kitandani, nikawa natazama chini. Viatu vyeupe. Kisigino cha kushoto kimelika upande wa nje. Na kiatu cha kulia kilikuwa kimepasuka mshono, kikashonwa kwa uzi mweusi. Si uzi wa viatu. Mishono mifupi, kila mmoja na fundo lake. Sijawahi kuona fundi anashona hivyo."

Sista alijishika mdomo. "Uzi wa kushonea vidonda," alisema. "Sikuwa na nafasi ya kwenda kwa fundi. Nilikishona mwenyewe, zamu ya mchana, wakati wa chai."

"Miezi mitatu baadaye kiatu kikawekwa mezani kwangu," alisema Fundi. Kwa mara ya kwanza tangu aingie alimtazama mkewe. "Nikaona lile fundo. Nikainua macho. Ndiyo nikaiona sura."

Mlinzi alipita koridoni akipiga mluzi, mluzi ukafifia.

Afisa alimgeukia Sista. Kalamu yake ilikuwa hewani. "Unamkumbuka mzee huyo?"

Swali lilikuwa jepesi, na jibu la kumwokoa lilikuwa neno moja tu. Angesema ndiyo, yote yangekamilika: tarehe zingekubaliana, mama mkwe angefutwa machozi, faili lingefungwa. Mama mkwe alikuwa amegeuka mzima mzima kumwelekea, uso umelowa, na macho yale yaliyomkwepa miaka miwili yalikuwa sasa yanamwomba.

Sista aliyatazama, na hakuweza.

"Hapana," alisema. "Nisamehe, mama. Simkumbuki. Mwezi ule tulipoteza watu kumi na wanane. Nikisema namkumbuka nitakuwa nakudanganya, na wewe umekwisha kudanganywa vya kutosha."

Fundi aliinamisha kichwa. Afisa alishusha kalamu polepole.

Mama mkwe alijipangusa uso kwa kiganja. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa tofauti, kama ya mtu anayeuliza njia.

"Ukikaa nao... ukikaa na mtu anayeondoka. Unamwambia nini sikioni?"

"Namwambia jina langu, ili asishikwe na mtu asiyemjua. Halafu namtajia aliyeko nje ya kioo. Kama ni mwanawe nasema, mwanao yupo hapa, anakuona."

"Na kama nje hakuna mtu?"

"Nasema wanakuja. Wako njiani."

"Kila mmoja?"

"Kila mmoja niliyemwahi."

Mama mkwe alitikisa kichwa taratibu, mara nyingi, kama anayehesabu. Kisha akamgeukia afisa. "Nipe ile barua yangu. Nataka kuichana."

"Haiwezekani, mama. Ikishaingia kwenye faili haitoki. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Basi lete karatasi nyingine. Nyingi kuliko ile. Mimi nitasema, wewe andika."

Afisa alimtazama kwa kitambo, akavuta karatasi. "Ninyi wawili," alisema kwa Fundi na mkewe, "ningojeeni nje."

*

Koridoni hapakuwa na mtu isipokuwa mlinzi, naye alipoziona nyuso zao alikumbuka kwamba ana kazi ghorofa ya chini.

Sista hakukaa. Alisimama mbele ya mumewe, akamnyooshea kidole kifuani.

"Miaka minne."

"Ndiyo."

"Nimekueleza habari zangu zote. Nimekueleza mpaka ndoto. Nawe umebeba jambo kama hili kimya? Nasikia mbele ya afisa wa serikali, kama mtu anayesomewa mashtaka?"

"Ndiyo."

"Usiniambie ndiyo! Leo asubuhi umejaza kurasa nne, mimi unanipa ndiyo?"

Fundi alijipangusa viganja kwenye suruali. "Nilikuwa na mambo mawili yakinifunga. La kwanza, aibu. Ningekuambia nilikuona, ningelazimika kukuambia nilikuwa wapi. Nje ya kioo, na gauni mkononi. Leo nimeapishwa, sikuweza kuificha tena."

"Na la pili?"

"Niliogopa utaniuliza swali unalotaka kuniuliza sasa."

Na kweli Sista alikuwa nalo. Alilitoa. "Ulinioa kwa shukrani?"

"Hapana."

"Unajuaje? Mtu amemsitiri baba yako, halafu siku moja anaingia dukani kwako. Wengine wangesema ni deni la roho. Mimi sitaki kuwa deni la mtu, Fundi. Afadhali nirudi kwetu."

"Nisikilize," alisema. Alimshika vidole viwili tu, vya mwisho, kama anayeogopa kuchukua zaidi ya haki yake. "Ingekuwa shukrani, ningekuletea kapu la matunda wodini, nikainama, nikaenda zangu. Nilishalipanga. Siku ulipoleta viatu nilisema moyoni, akirudi Alhamisi nitamwambia asante, nisimtoze, basi. Ukarudi Alhamisi. Ukaniambia nini?"

Sista alifikiri. "Sikumbuki."

"Ulisema, 'Fundi, redio yako inakwaruza mpaka inatia kichaa, kwa nini huitengenezi na wewe ni fundi?' Ukakaa kwenye kile kigoda, ukaifungua kwa bisibisi yangu, ukaiharibu kabisa. Ukacheka mpaka ukashika mbavu. Nami nikakuambia viatu havijawa tayari."

"Na kweli havikuwa tayari. Ulinizungusha wiki tatu! Njoo kesho, njoo keshokutwa. Nilisema huyu naye ni fundi kama mafundi wote, waongo!"

"Vilikuwa tayari tangu Jumanne ya kwanza."

Sista alimwangalia.

"Nilivificha chini ya meza," alisema Fundi. Masikio yalikuwa yamemwiva. "Baba yangu hakuwahi kumpa mteja ahadi ya uongo maisha yake yote. Mimi nilikupa sita. Hiyo si shukrani, Sista. Mtu hamzungushi mtu anayemshukuru. Nilikuwa nataka tu uje tena ukae pale."

Kicheko kilimtoka Sista kabla hajakiruhusu, kikachanganyika na kilio, ikawa sauti ambayo hakuwahi kuisikia ikitoka kwake. Alimtazama mwanamume huyu: ukosi uliopinda, gundi kwenye kucha, macho yaliyochoka kwa kusema. Alihisi kitu kile alichokuwa akikihisi wodini alfajiri mgonjwa aliyekwisha kukatiwa tamaa anapofumbua macho na kuomba maji. Si furaha tu. Ilikuwa karibu na hofu. Kwamba jambo kubwa kiasi hiki limekuwa likiishi nyumbani kwake, likila mezani kwake, likisaga meno upande wa ukutani, naye hakujua.

Alimnyoosha ukosi. Alipomaliza hakuondoa mkono.

Mlango ulifunguka. Mama mkwe alitoka kwanza, leso mkononi, na akaenda moja kwa moja kwa mwanawe.

"Ulinidanganya."

"Ndiyo, mama."

"Kuhusu baba yako."

"Ndiyo. Nisamehe."

Alimtazama juu hadi chini, mwanawe wa pekee mwenye mabega ya mbeba mizigo. "Uliogopa," alisema, sauti ikalainika. "Hata mimi ningeogopa. Siku ile nilishukuru nimeugua, unasikia? Nilishukuru wamenikataza. Sijamwambia mtu." Alijipangusa pua. "Haya. Mimi na wewe tumelingana."

Kisha akageuka. Yeye na Sista walitazamana. Mwanamke mzee aliikunja leso mara mbili.

"Sijui nianzie wapi."

"Usianze, mama. Si lazima."

"Nitaanza tu. Lakini si hapa. Hapa kuna harufu ya wino." Akainama kuokota mkoba aliousahau ndani, akakumbuka hauko pale, akacheka kwa aibu kama msichana. Afisa alikuwa nyuma yake, ameushika.

"Mama yenu amenipa kurasa tano," alisema afisa. "Nyingine hazihusiani na uhamiaji, lakini alisema niandike, nikaandika." Aliuweka mkoba mikononi mwa mwenyewe, akamwangalia Sista. Ule uso wa ofisi haukubadilika, ila macho. "Nina miaka kumi na saba kwenye kiti kile. Watu hukariri majibu yakafanana kama mapacha, nami najua wananidanganya. Leo ni mara ya kwanza majibu hayakufanana nikaamini yote mawili." Alitoa pasi ya kusafiria iliyokuwa wazi ukurasa wa kati, muhuri bado unang'aa kwa wino. "Ukaazi wa kudumu. Kadi itakuja kwa posta. Tia sahihi hapa, na hapa."

Sista aliichukua kalamu. Mkono huu ulikuwa umewahi kuupata kwa sindano mshipa wa mtoto njiti gizani, umeme ukiwa umekatika. Sasa haukuweza kuandika jina lake mwenyewe. Sahihi ya kwanza ilitoka kama mguu wa kuku. Hakuna aliyecheka.

*

Walifika ngazi za nje wote watatu. Jua lilikuwa limepanda, watu wanapanda na kushuka na bahasha zao, wengine wanakimbia, wengine wanasoma namba kwenye vikaratasi. Kwenye ngazi ya nne kutoka chini Sista alisimama. Alikaa hapo hapo kwenye jiwe, na kilio kikamshuka kama mvua iliyozuiliwa msimu mzima.

"Sista," alisema Fundi, akiketi kando yake. "Yamekwisha. Una karatasi."

"Si karatasi." Alijipiga kifuani taratibu. "Nimesema simkumbuki. Nilisema kumi na wanane, kama mtu anayetaja idadi ya mashuka. Walikuwa watu, Fundi. Nilimwacha kila mmoja pale kitandani nikaenda kwa mwingine, kwa sababu ningemkumbuka mmoja nisingeweza kusimama. Nilidhani wamepotea. Sasa unaniambia mmoja wao alikuwa baba yangu."

Fundi hakusema usilie. Alikaa naye, bega lake likamgusa. Baada ya muda akasema, "Yule wa kwanza alikuwa nani?"

"Nani?"

"Katika hao kumi na wanane. Wa kwanza. Niambie chochote."

Sista alifumba macho. Alidhani hapatakuwa na kitu. Lakini kitu kilikuwapo, kilikuwa kikingoja, na kilipoanza kuja kilimjia na sauti yake na harufu yake, mpaka akashikwa na mshangao.

"Alikuwa mwalimu wa hesabu," alisema. "Alikuwa anahesabu pumzi zake. Alifika mia nne na kumi."

"Na wa pili?"

"Wa pili alikuwa bibi. Alidhani mimi ni dada yake. Nilimkubalia."

Kivuli kiliwaangukia. Mama mkwe alikuwa amesimama mbele yao, akiwatazama. Halafu, kwa shida, akishikilia bega la mkwewe asianguke, mwanamke yule aliyekuwa amevaa nguo zake za heshima alijishusha na kukaa kwenye ngazi ile ile yenye vumbi, upande wa pili. Akauweka mkoba magotini. Akauchukua mkono wa Sista, ule ule, akaufunika kwa mikono yake yote miwili.

"Endelea, mwanangu," alisema. "Hatuna haraka."